Nilivyompelekea Mwende Blanketi Jidda

Tangu nirudi Mwala mmekuja mmoja mmoja, mkakalia kile kiti changu cha plastiki, mkanywa chai, kisha mkauliza kwa sauti ya chini kama mnaouliza habari za mgonjwa: eti ni kweli wewe Mutiso ulisafiri? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimeandika yote hapa. Atakayeuliza tena atakuja na sukari yake.

Mnanijua. Mlipoenda maonyesho ya kilimo Machakos mimi nilibaki nikisema nalinda ng'ombe, na ng'ombe hatukuwa naye. Nilipopata kazi Saudia mlicheka mkashika mbavu, mpaka mliposikia ni kazi gani: kukaa kwenye kijumba mlangoni, mtaa wa Al-Malqa, Riyadh, na kufungua geti gari likipiga honi. Mungu akitaka kumpa mtu kazi ya damu yake, humpa hivyo. Nchi nzima ya Saudia niliiona kupitia tundu la geti, na sikulalamika.

Shida ilikuwa Mwende. Mke wangu alinifuata mwaka mmoja baadaye, lakini ajenti akampeleka Jidda, mtaa wa Al-Hamra, kulea watoto na kupiga pasi. Nchi moja, mfalme mmoja, na kati yetu jangwa zima. Ajenti alimwonya kabla hajapanda ndege: usithubutu kusema mume wako yuko huku, madam ataona siku moja utatoroka umfuate, na cha kwanza atachukua simu. Kwa hiyo mbele ya madam wake mimi nilikuwa mtu wa Kenya, nimekaa Kenya.

Sasa mkataba wangu ulikuwa unakwisha na wake ndio kwanza umeongezwa. Nisingemwona kabla sijapanda ndege, nani angejua ni lini tena. Na nafasi ilikuwa moja tu: Ijumaa madam huenda mall, na Mwende hufuata nyuma akisukuma kigari cha mtoto mdogo. Mall ni ya kila mtu. Hakuna anayeweza kumzuia mwanamume kusimama mbele ya duka la viatu akatazama viatu, na mke wake akapita. Hilo ndilo nililolitaka. Nimwone akipita.

Kutoka langoni

Nilipoomba ruhusa, baba, yaani mwajiri wangu, alidhani hajasikia vizuri.

"Jidda? Wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Hata bakala, duka la hapo kona, hutaki kwenda. Unamtuma Rafiq."

Ilikuwa kweli. Rafiq ni dereva wa nyumba hiyo, Mbangladeshi, na ndiye aliyekuwa ananiletea hata sabuni. Baba alinipa kuanzia Alhamisi jioni, kwa sharti moja: Jumamosi asubuhi familia inasafiri, nyumba haiwezi kubaki bila mtu. Nisipokuwepo langoni wakitoka, nisirudi kabisa. Alisema akitabasamu, lakini alisema mara mbili.

Rafiq alinipeleka kituo cha metro. Njia nzima alikuwa ananitazama miguu.

"Mutiso, kumbe inatembea," akasema kwa kile Kiarabu chetu cha wafanyakazi, ambacho Mwarabu akikisikia hufumba macho. "Mimi nilifikiri ni ya kupambia kiti."

"Endesha gari."

"Ukipotea nipigie. Sitakuja, lakini nipigie."

Chini ya Riyadh

Metro ya Riyadh haina dereva. Mbele pale pa dereva ni kioo tu, na watoto wamejibandika wakitazama shimo linavyokuja. Mimi mlinzi, nikiona mahali pasipo mtu napata wasiwasi. Nilitafuta kiti mapema nikaketi vizuri, nikashika mkoba. Mbele yangu mama mmoja alikuwa anamlisha mtoto biskuti, kando mwanamume na binti zake. Nikajisikia nimetulia, niko kati ya watu.

Kijana wa kituo akaja, amevaa nadhifu, akaniinamia kwa adabu.

"Sadiki," akaniita, yaani rafiki, "hapa ni familia."

"Aiwa, ndiyo," nikamjibu. "Mimi familia. Mke, watoto wawili."

"Wako wapi?"

"Mke Jidda. Watoto Kenya, kwa mama yangu."

Alifikiri. Ninamheshimu kwa hilo, alifikiri kweli, kama hakimu. Kisha akanionyesha kwa kidole behewa la pili, la wanaume walio peke yao. Nikainuka. Mle ndani tulikuwa tumejaa wanaume tupu, Wahindi, Wamisri, Waganda, kila mmoja na simu yake, na kwenye karibu kila simu kulikuwa na uso wa mwanamke au mtoto mdogo ukicheka bila sauti. Nikasimama katikati ya waume za watu hadi Batha.

Batha ndipo kila mgeni wa Riyadh hununua. Ukiwa Mkenya utapata unga wa ugali, ukiwa Mfilipino utapata samaki wako wakavu, na wote mtakutana kwenye mabegi na mablanketi. Mwende alikuwa analalamika baridi. Jidda, ndiyo, ile ya joto la kuchemsha maji, lakini chumba chake kimeunganishwa na kiyoyozi cha nyumba nzima, na madam anapenda nyumba iwe kama ndani ya friji. Mwende alikuwa analala na soksi, sweta na abaya juu. Kwa hiyo nikamnunulia blanketi. Si blanketi la mchezo. Lile zito la Kichina, la manyoya, lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu na mkono wa kubebea, lina picha ya simbamarara wawili wanaotazamana kwa mapenzi. Muuzaji Myemeni aliuliza nakwenda nalo wapi. Nilipomwambia Jidda alimwita mwenzake aje anione.

Basi la watu wema

Nilipaswa kuendelea na metro hadi kituo kikubwa cha mabasi, kusini mwa mji. Lakini hapo hapo Batha kulikuwa na mabasi yamepangana kando ya barabara, na mtu anaita: "Makka! Jidda! Makka! Jidda!" Basi safi, viti vyekundu, watu wanaingia wakisalimiana. Mvivu wa kutembea akiona kitu kimemfuata mpaka miguuni, huona ni baraka. Niliuliza "Jidda?" Akaniambia "Jidda, Jidda, yalla, twende." Nikapanda na simbamarara wangu.

Jamani, sijawahi kusafiri na watu wapole vile. Hatujatoka mjini nimeshapewa tende, kahawa ya kikombe kidogo na chungwa lililomenywa. Jirani yangu alikuwa fundi cherehani Mpakistani, ndevu nyeupe, jina lake Yusuf, anayecheka kwa mabega. Blanketi lilipokosa pa kukaa alilipakata nusu, mimi nusu, tukawa kama wanandoa wazee. Mbele mtu alisoma dua, basi zima likaitikia, nami nikainamisha kichwa kwa heshima, nikifikiri, kumbe mabasi ya huku huombewa kabla ya safari, ndiyo maana hayapinduki. Nikalala.

Tulisimama njiani mahali pa kula. Sinia moja la wali na kuku, tukalizunguka sita. Kila nilipopunguza mkono, Yusuf alinisukumia paja la kuku. Nilikula nikifikiri vile nitamsimulia Mwende. Kisha nikakumbuka nakwenda kumwona tu, si kumsimulia.

As-Sayl

Kulipopambazuka basi lilikuwa limesimama As-Sayl, kati ya milima ya mawe matupu. Kuna msikiti mkubwa, maduka, na mabasi kama yetu hayahesabiki. Nilikuwa peke yangu ndani. Nikashuka kutafuta choo, nikanawa uso, nikarudi, na sikulitambua basi letu.

Wote walikuwa wamevaa nyeupe. Shuka mbili mbili, moja kiunoni, moja begani, miguu kwenye ndala. Wale wale wa tende na paja la kuku, wameoga, wameng'aa, wamekuwa watu wengine. Na mimi katikati, suruali ya jinzi na jezi ya timu ya Uingereza ambayo msimu huo ilikuwa inafungwa na kila mtu.

Yusuf akanijia mbio mbio na furushi. Alifikiri nimesahau shuka zangu. Alikuwa amebeba za akiba, mpya, bado ziko kwenye nailoni, akanitolea kwa mikono miwili.

"Ndugu, vaa haraka. Tunatoka."

Hapo ndipo akili yangu, ambayo huwa inafika na basi la baadaye, ilipowasili. Hawa walikuwa wanakwenda umra, ile hija ndogo. Hapa ndipo mahujaji huvalia ihramu kabla ya kuingia Makka. Na basi lilikuwa linakwenda Jidda, ndiyo, mwitaji hakunidanganya, lakini baada ya Makka, na Makka Mkristo haingii.

"Yusuf," nikasema, "mimi Masihi," yaani Mkristo.

Alinitazama. Akatazama jezi, akatazama blanketi. Nilingoja akasirike, na ingekuwa haki yake. Nimekula tende zake usiku kucha. Badala yake mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka shuka ikataka kudondoka, kisha akamwita kiongozi wa safari, Msudani mmoja mrefu, naye akanishika mkono akaniuliza kama nina maji, kama nina simu, kama nina mtu Jidda.

"Nina mke," nikasema.

"Basi tutakuombea ufike kwake," akasema Yusuf. Akaniachia machungwa yote yaliyobaki.

Wakapanda. Basi likaondoka watu wakiitikia kwa sauti moja, "Labbaika," sauti ikipungua kwenye kona za mlima mpaka ikawa kama redio ya jirani. Nikabaki nimesimama na machungwa na simbamarara. Nimekaa peke yangu langoni miaka, lakini pale ndipo nilipojua upweke wa kusimama, ambao ni mbaya kuliko wa kukaa. Teksi hazikutaka kunisikia. Zote zinakwenda Makka. Jua linapanda. Ijumaa ndiyo hiyo inaanza, na kichwani mwangu Mwende alikuwa tayari anasukuma kigari kupita duka la viatu, na mbele ya duka hakuna mtu.

"Haki ya nani, leo nimeisha," nikasema kwa sauti.

"Hujesha. Ndo kwanza unaanza."

Njia ndefu ya Haroub

Aliyesema alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mfupi, kanzu imepandishwa, anapakua maboksi kutoka kwenye pikapu nyeupe. Alikuwa anashusha taulo za ihramu, ndala na mikanda kwenye moja ya yale maduka.

"Mswahili wa wapi wewe?"

"Kenya, mzee."

"Mzee babaako. Na Kenya nishajua, Kiswahili chenyewe kimeshajitaja. Mimi Haroub. Wazee wangu wa Unguja, mie nimezaliwa papa hapa Jidda. Na hilo blanketi? Umeambiwa Jidda kunaanguka theluji?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kushusha maboksi, na nilipomaliza akaweka la mwisho chini.

"Kwa hiyo umekuja kumtazama mkeo akipita."

"Ndiyo."

"Kama gwaride."

"Ndiyo."

"Panda gari."

Yeye angeweza kupita Makka, ingekuwa kitambo kidogo tu. Alizunguka njia ndefu ya wasio Waislamu kwa ajili yangu, na alihakikisha sisahau. Kila bango lilipotokea aliuliza, "Unaona mbali gani huku? Wewe blanketi lako la Jidda litanimalizia petroli."

Halafu akalivuta, akalipapasa akiwa anaendesha kwa mkono mmoja. "Hili limetoka Yiwu, China. Simbamarara hawa nawajua. Nimelala hoteli karibu na kiwanda chao."

Haroub ni mtu wa kununua mali China. Taulo zile, ndala, mabegi wanayorudi nayo walioenda Ghuba, mengi yamepitia mikononi mwa watu kama yeye. Alinisimulia Guangzhou mpaka nikaiona.

"Treni ya Guangzhou ikikutema, imekutema sokoni. Unapanda ngazi, hujatoka nje bado, uko kwenye mabegi. Jengo zima mabegi, juu mpaka chini. Kituo cha mbele, saa tu. Cha mbele, nguo za watoto. Mtu huhitaji teksi, unahitaji miguu. Wewe ungefia kwenye mabegi."

"Na hiyo Yiwu?"

"Yiwu nilipotea. Unatoka Shanghai na treni ya kasi, chai haijapoa umefika. Nikaingia sokoni kununua tasbihi. Nilipotaka kutoka nikapita kwenye maua ya plastiki, nikapita, nikapita, maua hayeshi. Nikaanza kupiga chafya, bwana! Maua ya plastiki!"

Nilicheka mpaka chungwa likaniingia puani. Kisha yeye akasema, macho yako barabarani, "Miaka yote hiyo China, sina niliyekula naye. Unapewa meza ndogo, imetazama ukuta. Na Unguja nimekwenda mara mbili. Watu wakaniita Mwarabu."

Nikammenyea chungwa.

Karibu na Jidda akaniuliza swali ambalo mtu mwenye akili angejiuliza Batha. "Sasa blanketi, utampa vipi?"

"Nitampa tu."

"Mwanamke ametoka nyumbani na kigari. Anarudi na simbamarara wawili. Madam atasema nini?"

Kweli. Nilikuwa nimelibeba kuvuka jangwa zima na sikuwa nimefikiri jambo hilo hata kidogo. Haroub alinionea huruma, akasema ana mzigo wa meli unaokwenda Mombasa, atalitia humo. Akalitia kweli. Lilifika hapa kabla yangu, na ndilo limenifunika miguu nikiandika haya.

Hindawiya

Nilitaka anishushe mall moja kwa moja. Nilikuwa na haraka, ilikuwa inakaribia adhuhuri. Akanipeleka, kwa ukaidi wake wa kunionyesha. Milango ya vioo imefungwa. Uwanja wa magari mtupu, mweupe kwa jua. Paka mmoja chini ya mtende wa kupandwa.

"Ijumaa hii," akasema. "Nani anatoka mchana? Watu wanasali, wanakula, wanalala. Familia zinakuja jioni, baada ya isha."

Ninyi mngejua. Mtu yeyote anayetoka nje angejua. Mimi miaka yote Ijumaa mchana nilikuwa nimelala kijumbani, na gari la baba likitoka usiku nilifikiri anakwenda kwa nduguze. Kwangu mimi watu hununua vitu mchana, kama Machakos. Basi la mwisho la kunifikisha Riyadh asubuhi lilikuwa linaondoka muda si mrefu baada ya hiyo isha. Nilikuwa nimekimbia usiku kucha ili nifike mapema mahali ambapo nilitakiwa nichelewe.

Haroub alinichukua kwake Hindawiya, kwenye mtaa wa nyumba za zamani zilizobanana, nguo zinaning'inia juu ya vichochoro na kila mlango una lugha yake. Kulikuwa na pilau, kachumbari na mama yake, Bi Salma, aliyekaa kwenye godoro la chini akiamrisha kila mtu.

"Huyu ndiye wa blanketi?" akauliza. Habari zilikuwa zimetangulia.

"Ndiye, mama."

"Mbona mwembamba hivi, mtu wa kukaa tu? Kula, mwanangu. Na mkeo mzuri?"

"Mzuri, Bi."

"Sema kwa kinywa kilichojaa, usiogope. Mzuri vipi?"

Nyumba nzima ikacheka, nami nikacheka, na kijiko kikasimama. Kwa sababu nilijaribu kumwona Mwende nimweleze, nikamwona wa kwenye simu tu: paji la uso, jicho moja, dari ya madam. Bi Salma akaangalia pembeni, akaniongezea nyama.

Jioni ujumbe wa Mwende ukaingia: madam amesema wanatoka baada ya isha. Haroub akaangalia saa, akaniangalia. "Unajua basi halitakungoja."

"Najua."

"Na kazi?"

"Najua."

Sikuwa nimewahi kuamua kitu kikubwa kiasi hicho nikiwa nimesimama. Nikasema nitakaa mpaka nimwone. Akachukua funguo. "Basi mie nitakuwa mlangoni, injini inawaka. Nikikupigia, utoke." Niwaambie mapema msihangaike: basi nililipata likiwa tayari linasogea, kwa uendeshaji ambao Bi Salma hapaswi kuusikia, na langoni nilifika kabla ya familia kutoka. Baba aliniuliza ni wapi pazuri Jidda. Nikasema mall.

Mall

Usiku ule mall ilikuwa kama harusi ya watu wote. Taa, chemchemi ya maji, harufu ya udi kila mlango, vijana wa manukato wanakunyunyizia mkono kabla hujakataa. Familia zinapita polepole, baba mbele na funguo, mama na mikoba, na nyuma kabisa mwanamke mmoja Mwafrika au Mfilipino na kigari. Niliwahesabu hao wa nyuma, nikaacha. Nikasimama mbele ya duka la viatu nilivyopanga. Mlinzi wa mall akaanza kunitazama. Jicho lile nalijua, nimelitumia mimi mwenyewe. Ni la kumtazama mtu asiyenunua. Nikashika kiatu kimoja nikakikagua soli kwa makini. Kilikuwa cha kike.

Mwende alipita na sikumjua.

Alipita karibu hivi, abaya nyeusi, nyuma ya madam mrefu, na mimi nikawa naangalia mwingine. Kwenye simu watu hawana urefu. Nilikuwa nimemsahau kimo. Ni alipofika mbele kidogo, alipokata kona, nikauona ule mguu wa kushoto unavyochelewa kidogo, kama unaouliza kama ni lazima. Mwendo ule nimeufuata kutoka kisimani tangu hatujaoana. Nikarudisha kiatu.

Madam aliingia duka la manukato, akamwacha Mwende nje na mtoto, kwenye benchi zile zilizopangwa mgongo kwa mgongo, zimeshikana kwa chuma kimoja. Mlango wa duka ni kioo kitupu. Madam alikuwa anaona kila kitu. Nikatembea, nikazunguka, nikaketi upande wa pili. Mgongo wangu, chuma, mgongo wake. Simu yangu ikalia.

"Usigeuke," akasema.

"Sigeuki."

Sauti ilinifikia mara mbili, kwanza nyuma ya kichwa, kisha sikioni. Tuliongea Kikamba chetu, taratibu, kama watu wawili wasiojuana wanaopigiwa na watu wao.

"Umenona," akasema. "Nimekuona tangu kwenye viatu. Ulikuwa unanunulia nani kiatu chekundu?"

"Mlinzi alikuwa ananitazama."

"Hata mimi ningekutazama. Umefikaje?"

"Na watu wa umra."

"Wewe?"

"Nilikuletea blanketi. La simbamarara."

"Jidda?"

"Ulisema baridi."

Benchi likaanza kutikisika. Nilikisikia kicheko chake mgongoni kabla hakijafika sikioni, kile cha kujizuia, cha kanisani, kinachomshika mabega. Chuma kikakileta chote. Sijamgusa mke wangu miaka, na pale, jamani, ni kama nilimgusa.

"Watoto?" akauliza alipopata pumzi.

"Mama anasema Mumo ameota meno mawili ya mbele. Makubwa."

"Ya kwako hayo."

"Nikifika nitampigia picha kila siku."

"Mpigie akiwa amesimama," akasema. "Nione alivyorefuka."

Haroub alikuwa anapiga. Niliona jina lake likija juu ya simu na kuondoka. Nikainua macho. Kwenye kioo cha duka la mbele yangu kulikuwa na mwanamume wa jezi, na nyuma ya bega lake kitambaa cheusi cha kichwa, kimeinama kidogo upande wangu.

"Mutiso."

"Naam."

"Yalla!" Hiyo haikuwa yake. Madam ametoka, mikoba mikononi, na benchi likawa jepesi ghafla.

Sikugeuka mpaka nilipohakikisha wamefika mbali. Mwende hakukata simu. Bado alikuwa ameishika sikioni, mkono mwingine kwenye kigari, na mimi niliendelea kuisikia mall ile ile kwa upande wake, magurudumu, mtoto akidai maji. Wakafika kwenye lifti ya kioo inayoshuka. Madam akamgeukia.

"Unaongea na nani muda wote huo?"

"Mume wangu, madam."

"Yuko Kenya?"

Lifti ilikuwa inashuka taratibu, nawaona wote watatu kupitia vioo, kama samaki.

"Aiwa, madam. Kenya."

"Maskini. Mbali sana." Alisema kwa upole wa kweli; nataka mjue si mwanamke mbaya. "Msalimie."

Mwende akaleta mdomo karibu na simu. "Madam anakusalimia."

"Mwambie nimezipata," nikasema.

Nikamwona huko chini akimtafsiria, na madam akitikisa kichwa, ameridhika kwamba huko Kenya niko salama.